Kumbukumbu ya mradi: stadi za eksozi zilizoganda, na ile moja iliyokatikia ndani

Gari bado liko juu ya stendi na wiki hii kazi yote imekuwa upande wa eksozi. Gasketi ya manifoldi, lile bomba la matawi linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ilikuwa inavuja, ukiwasha injini ikiwa ya baridi unasikia tik tik tik inayopungua kadiri chuma kinavyopata moto, na pale silinda ya mwisho masizi meusi yalikuwa yameenea kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Nilipomulika vizuri sababu ikaonekana, stadi ya mwisho kabisa (stadi ni bolti isiyo na kichwa, upande mmoja umezama kwenye hedi na mwingine unafungwa nati) imekatika kitambo, sawasawa na uso wa hedi, na pale ilipokatikia pote pameshaota kutu. Kwamba ni ya mwisho wala sio ajabu. Manifoldi ikipata moto inarefuka na marefu hayo yanajikusanya kwenye ncha, kwa hiyo stadi za pembeni ndo zinasukumwa huku na huku kila injini inapowashwa na kuzimwa, za katikati zina nafuu. Ukikagua la kwako anzia pembeni.

Stadi ni M8 ya uzi wa 1.25, yaani kipenyo milimita 8 na kila mzunguko wa uzi unapanda milimita 1.25, na hedi ni ya alumini, naandika mapema kwa sababu hayo mawili ndo yameamua kila nilichofanya baadaye. Wengi tukikutana na bolti iliyogoma tunatafuta bomba la kurefushia spana. Mimi naona kabla hata ya kushika spana ujue kwanza hiyo bolti imeshikwa na nini. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokila, kwa hiyo ikiota ndani ya nyuzi inavimba na kubana kila upande, hiyo ni chuma kwa chuma. Chuma ndani ya alumini ni ugonjwa mwingine, maji yakishaingia hapo katikati, hasa yenye chumvi, inayoliwa ni alumini na unaona unga mweupe kwenye mdomo wa tundu, ukilazimisha bolti inaweza kutoka imezibeba nyuzi za hedi. Kuna na zile zilizopakwa gundi ya nyuzi kiwandani, hizo unaweza kuzimwagia oili mpaka uchoke, zinataka moto. Na kuna zinazogandia kwenye ala ya bush, ule mrija wa chuma ulio katikati ya raba, uzi wake mzima kabisa, nitafika huko.

Nati zilizobaki nilianza nazo kwa brashi ya waya. Ule uzi unaochungulia nje ya nati usafishe mpaka ung'ae, maana nati itapita juu yake ikitoka na kutu ya pale nje ndo inayoikwamisha katikati ya safari. Halafu oili ya kupenya kutu, asubuhi na jioni, zikalala nayo. Oili inajivuta yenyewe taratibu kwenye mwanya mwembamba, inataka muda, sasa mtu akipulizia akaanza kukaza mkono hapo hapo amelowesha nje tu. Wapo wanaochanganya asetoni na oili ya gia boksi ya otomatiki nusu kwa nusu, inapenya vizuri kweli, ila asetoni inaharibu rangi na plastiki nyingi na inadaka moto upesi mno, siku ya tochi hiyo chupa isiwepo kabisa karibu. Kila baada ya kupaka nilizigonga nati kwa nyundo ndogo, ule mtikisiko unavunjavunja kutu na oili inapata njia.

Soketi ya pembe sita, hapa sina mjadala. Ya pembe kumi na mbili inashika karibu na kona tu, na nati iliyoliwa na kutu ikishapoteza kona una matatizo mawili badala ya moja. Iliyopungua sana unaigongea soketi ndogo kidogo mpaka ishike. Na kabla ya kufungua nakaza, kidogo sana, kiasi tu cha kuivunja ile kutu upande ambao haijauzoea, halafu ndo nafungua robo, narudisha, oili, nafungua tena, hivyo hivyo mpaka itoke. Ukiona inarudi kuwa nzito usiendelee mbele, rudi nyuma, ule unga wa kutu umejikusanya kwenye uzi unatafuta pa kutokea.

Mkono wenyewe unakwambia mengi kama unausikiliza. Nati inayoachia inalia, kriii moja kavu, na baada ya hapo inasogea kweli. Stadi inayotaka kukatika hailii, spana inaenda laini kama unavuta mpira, mkono unazunguka lakini ukiangalia nati haijapanda hata uzi mmoja, kinachozunguka ni stadi inajisokota. Hapo ndo pa kusimama. Stadi ya pili kutoka mwisho ilinipa dalili hiyo hiyo, nikarudisha spana mahali pake nikaiacha, nikaenda kuleta tochi ya gesi.

Kwenye moto unapasha nati, stadi iache. Nati ikitanuka tundu lake nalo linapanuka, stadi ambayo bado haijapata joto lote inabaki na kipenyo chake, na hapo kutu iliyowashikanisha inapasuka. Nati ikiwa bado ya moto nikagusisha mshumaa kwenye uzi, nta ikayeyuka ikanywewa ndani kabisa, na spana ikazunguka kwa mkono mmoja! Tangu nione hivyo mshumaa haukosi kwenye boksi la vifaa. Ila tusichukulie moto kirahisi jamani. Toa hozi, waya na sensa zilizo karibu, jua bomba la petroli linapita wapi, kizima moto kiwe mkononi sio stoo. Na usipashe moto chuma kilichosafishwa kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, ikiungua inatoa fosijeni na hiyo ni sumu ya kuua, hata ukidhani imeshakauka. Halafu alumini haiwi nyekundu ikikaribia kuyeyuka, inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, ya hedi ambayo ni mchanganyiko hata chini ya hapo, bila kukupa onyo la rangi, kwa hiyo moto wa hedi ni wa kuzungusha zungusha, usiuelekeze sehemu moja ukasubiri.

Nati zote zikatoka, nyingine zimetoka na stadi zake na hiyo haina shida kwa sababu naweka mpya zote. Ikabaki ile iliyokatika.

Kila niliyeongea naye alinitajia iziauti, ile pini yenye uzi wa kujisokota unayoizamisha kwenye tundu ulilotoboa halafu unaizungusha kinyume. Msimamo wangu nauandika hapa kwa herufi zote: kwenye stadi iliyoganda kwa kutu sitaitumia. Fikiria kidogo, stadi nzima yenye milimita nane imekatika kwa sababu haikuweza kugeuka, sasa unatoboa katikati yake tundu, unaweka kitu chembamba kuliko yenyewe, tena zile za kupunguka kuelekea ncha zinaitanua stadi ibane zaidi, unategemea nini? Na zenyewe ni chuma kigumu sana kinachovunjika bila kupinda, ikikatikia mle ndani biti za kawaida hazitoboi, unaanza kutafuta za kabaidi, zile ngumu zaidi, au unavua hedi nzima unaipeleka kwenye mashine. Iziauti ina kazi yake pale ambapo bolti ilikatika kwa kukazwa kupita kiasi na uzi uko mlegevu. Stadi yangu haikuwa ya hivyo.

Nikachagua kuchomelea. Uzuri wake ni kwamba waya wa chuma haushikani na alumini, kwa hiyo hata ukimwagika kidogo kwenye ukingo wa tundu unabanduka, na joto lote linaingia pale pale stadi ilipo, ambalo ndo dawa yenyewe. Betri nimeitoa kabisa, klampu ya ethi nimeibana karibu na kazi. Nikang'arisha uso wa stadi kwa brashi ndogo mpaka chuma cheupe kikaonekana, nikajenga kifundo cha weldi katikati, kidogo kidogo, mpaka kikanyanyuka juu ya uso wa hedi, nikaweka washa, kile kipete bapa, nikaichomelea kwenye kifundo, halafu nati juu ya washa nikaijaza kutokea ndani ya tundu lake. Nati iwe kubwa kuliko M8 ili ncha ya mashine ipate pa kuingia na uone chini unachofanya. Nilipojaribu ikabanduka, weldi haikuwa imezama kwenye stadi, nikasaga, nikaongeza ampea, nikarudia. Hii ni kawaida ya njia hii na kila unaporudia stadi inapata moto mwingine, hupotezi kitu.

Kilichonifurahisha ni kuangalia namna inavyotulia. Unaacha wekundu uishe, usimwage maji, unasubiri mpaka mshumaa ukigusishwa unayeyuka bila kuwaka, ndo unaweka spana na unatikisa kwa kidole, mbele nyuma, mbele nyuma, huvuti. Kwanza ni kama haisogei. Halafu ukiweka jicho kwenye mdomo wa tundu unaona mstari mwembamba wa unga wa kahawia unajitokeza pembeni ya stadi, nywele moja tu, na spana inaanza kuwa na nafasi ya kucheza. Kutoka hapo ni subira tu na nta. Ilitoka nzima na uzi wa hedi umebaki salama, nimeuangalia kwa kioo kidogo mpaka chini.

Kama ingekataa mpango ulikuwa kutoboa kwa biti za mkono wa kushoto, kwa sababu biti ikizunguka upande wa kufungulia mara nyingi inaondoka na stadi kabla hujamaliza. Katikati ndo kila kitu hapo, saga uso uwe bapa, pigia senta panchi, anza na biti ndogo, maana biti ikihama itakimbilia alumini ambayo ni laini. M8 ya 1.25 inatobolewa milimita 6.8 kabla ya tapu, kile kifaa cha kukatia uzi ndani ya tundu, M6 ya 1.0 inatobolewa 5. Uzi ukifa kabisa unaweka helikoili, ile springi inayokuwa uzi mpya ndani ya tundu, na kwa stadi ya eksozi inashika vizuri.

Matundu nimeyapitisha kisafisha nyuzi, sio tapu ya kukatia maana inaweza kula alumini bure, nikapuliza upepo. Stadi mpya zimeingia kwa vidole tu mpaka zikakaa, nati mpya zile zenye mpako wa shaba, gasketi mpya, nimekaza kuanzia katikati kwenda nje kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Grisi ya kuzuia kuganda nimepaka kidogo, ila ujue uzi wenye grisi unateleza, kwa toki ile ile bolti inavutika zaidi kuliko ikiwa kavu, kwa hiyo soma kitabu cha gari kinasema namba hiyo ni ya uzi mkavu au uliopakwa. Nati za magurudumu sizipaki kabisa.

Bolti ya chini ya shoki abzoba ya nyuma ndo ile niliyosema, imegandia ndani ya ala ya bush. Kichwa kinazunguka, unadhani imefunguka, kumbe bolti na ala vinazunguka pamoja ndani ya raba. Hapa moto unaunguza raba tu, na pawa baa, ule mpini mrefu wa soketi, inaipasua. Kwa kuwa shoki nabadilisha na bush yake inakuja nayo, nakata tu, msumeno wa umeme kati ya bush na bano linaloshika bolti pande zote mbili, kichwa kinadondoka huku, nati kule. Upande mmoja umeshatoka. Bolti mpya lazima iwe ya daraja la 10.9 kama ya kwanza, namba hiyo ni nguvu ya kuvutwa ya megapaskali 1000 na inaanza kuvutika bila kurudi ikifika asilimia 90 ya hapo, ya 8.8 ni 800 na asilimia 80, kwa kuangalia ukubwa zinafanana kabisa kwa hiyo soma kichwani usikadirie.

Nipo nasubiri hiyo bolti. Ikija namaliza upande wa pili, gari linashuka chini ndo nakaza za bush likiwa limebeba uzito wake, halafu nati za manifoldi nitazipitia tena kwa toki baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa. Kinachofuata ni nipeli za breki za nyuma, zile za kutolea upepo, zina tundu katikati na zimeshika kutu, nimeshaanza kuzipa oili.