Furigana, mkato na nusu ya kisanduku

Karibu wiki mbili nilihangaika na pengo moja. Nilikuwa napanga kurasa za kijitabu cha wageni wanaojifunza Kijapani hapa Osaka. Maandishi yanashuka wima, na kila kanji, yaani herufi yenye asili ya Kichina, ina furigana zake, herufi ndogo za sauti, upande wa kulia ili msomaji ajue inavyotamkwa. Kila mkato ulipofuatwa na neno 志, palitokea uwazi mkubwa kana kwamba kuna neno limedondoka.

志 ni herufi moja, lakini husomwa kokorozashi, yaani furigana tano: こころざし. Maandishi yetu ni pointi 10 na furigana ni nusu yake, pointi 5. Tano mara tano, 25, kando ya herufi yenye urefu wa pointi 10. Ziada ni 15: pointi 7.5 zinatokeza juu na 7.5 chini. Zikae wapi?

Kanuni mbili nilizijua. Furigana haziegemei kanji ya jirani, maana msomaji atadhani ni zake. Hiragana, zile herufi za sauti za kawaida, zinaweza kuegemewa na furigana, mwisho urefu wa furigana moja. Mkato sikuwa na uhakika nao, nikauweka fungu moja na kanji.

Kazini kuna mama mtu mzima aliyeanza enzi za kupanga herufi za madini ya risasi. Nilipomwonyesha ukurasa, alichukua penseli akachora kisanduku kuzunguka mkato. Alama yenyewe ilikuwa juu, pembe ya kulia. Akagusa nusu ya chini.

“Hapa pana nini?”

“Hapana kitu.”

“Basi ndipo furigana zinapokaa.”

Usiku ule nilirudi kwenye JIS X 4051, kiwango cha Japani cha kupanga maandishi, toleo la 2004, na mwongozo wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, wa mwaka 2009 ambao umeandikwa pia kwa Kiingereza. Maneno niliyoyasoma mara tatu bila kuyaelewa sasa yalikuwa wazi. Mkato ni nusu alama, nusu hewa. Hewa hiyo ya pointi 5 iko kati ya alama na 志, kwa hiyo furigana zinaruhusiwa kuingia humo. Kati ya zile 7.5 zinabaki 2.5 tu za kuachia nafasi. Mimi nilikuwa naacha 7.5 zote juu ya hewa ya 5, jumla 12.5. Ndilo lile pengo. Mabano ya kufungua 「 yakiwa chini ya kanji ni vivyo hivyo, ila hewa yao iko upande wa juu.

Jambo la pili nililigundua mwenyewe, na nalithamini zaidi. Mstari ukizidi, programu hupunguza hewa za mikato. Tuseme ya hapa imepunguzwa kutoka 5 hadi 2: furigana nazo zinaruhusiwa kuingia 2 tu, na 5.5 zilizobaki zinadai nafasi. Mbili na 5.5 ni 7.5. Kabla ya kubana ilikuwa 5 na 2.5, ile ile 7.5! Umebana bure. Tangu hapo, penye furigana ndefu baada ya mkato siugusi mkato huo. Nabana mwingine kwenye mstari ule ule.

Nimevichora visanduku hivyo kwenye karatasi moja, vipimo pembeni, nikaibandika ukutani juu ya mashine yetu. Yule mama ameongeza kwa penseli kisanduku cha nukta.