Diski Mbili na Ankara 43

Usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, ikifika saa saba kasoro dakika tatu, diski mbili za seva yetu huanza kuvuma. Debian, mfumo endeshi wa seva hiyo, imepangwa hivyo: usiku huo huikagua safu nzima, yaani diski mbili zinazobeba data ileile, ikilinganisha kilichomo kwenye diski moja na kilichomo kwa mwenzake, tangu mwanzo hadi mwisho. Juzi mwanangu aliamka kwenda chooni, akasimama ukumbini kusikiliza. "Baba, mashine inaumwa?" Nikamwambia hapana, inajikagua. Akarudi kulala. Mimi usingizi ukaniruka, mawazo yakanirudisha kwenye ile Jumamosi ya 2018.

Wakati huo seva ilikuwa bado ofisini, ina diski moja tu ya GB 500, Debian 9, na mauzo yote ya miaka minne ndani yake. Diski ya pili ilipopatikana, kusakinisha upya hakukuwezekana. Programu ya mauzo iliwekwa na fundi aliyekwisha kuondoka, na mipangilio yake hakuna aliyeijua yote. Ilibidi mfumo uleule, jinsi ulivyo, uhamie kwenye RAID 1, ile safu ya diski mbili zinazoandikwa kitu kimoja. Wala huwezi kuigeuza diski yenye data kuwa safu papo hapo, maana alama za mdadm, programu inayosimamia safu, za toleo la 1.2 hukaa KB 4 tu kutoka mwanzo wa patisheni (fungu la diski) na data ya safu huanzia mbele zaidi, kwa hiyo zingefunika kilichopo. Unajenga safu yenye pengo kwenye diski mpya, unauhamisha mfumo, kisha diski ya zamani unaileta kuziba pengo.

Ijumaa jioni tukaanza, mimi na kijana niliyekuwa naye. Jedwali la patisheni tulilinakili kutoka diski ya zamani (sda) kwenda mpya (sdb) kwa sfdisk -d /dev/sda | sfdisk /dev/sdb, tukabadilisha aina kuwa fd, yaani patisheni ya RAID. Halafu mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 missing /dev/sdb1. Hilo neno missing ndilo linaloshika nafasi ya diski ambayo bado iko kazini. Tukaweka mfumo wa faili wa ext4 juu ya md0, ndiyo safu yenyewe, tukaandika mstari wa ARRAY kwenye mdadm.conf, tukazima hifadhidata ili isinakiliwe huku inaandikwa, ndipo rsync -aHAXx / /mnt/ ikaachiwa inakili mfumo mzima kwenye safu. Baadaye fstab (orodha ya patisheni za kuunganishwa) iliyo ndani ya /mnt ikapewa UUID mpya, yaani namba ya utambulisho ya safu, tukaingia humo kwa chroot baada ya kuunganisha /dev, /proc na /sys, na kumalizia kwa update-initramfs -u, grub-install /dev/sdb na update-grub. Anayesahau initramfs, mfumo mdogo wa kuanzia, keneli yake (kiini cha mfumo) itaamka isiione safu, imwachie kidirisha kitupu cha amri. Hiyo tulikuwa tumeijua, hatukuisahau.

Asubuhi tukaizima seva na kuiwasha. Ikawaka vizuri. Kijana akafungua /proc/mdstat, taarifa ya hali ya safu: md0 active raid1 sdb1[1], na chini yake [2/1] [_U]. Safu hai, nafasi moja wazi, kama tulivyotaka. Nikamwambia dada mhasibu aendelee. Akaingiza ankara hadi adhuhuri.

Saa saba mchana tukasema sasa tuzibe pengo. Kijana akaandika mdadm /dev/md0 --add /dev/sda1, akabonyeza. Jibu likaja palepale: Cannot open /dev/sda1: Device or resource busy.

"Kaka, imekataa. Inasema inatumika."

"Inatumiwa na nani?"

"Sijui. Niilazimishe?"

Feni ya dari ilikuwa inazunguka, mhasibu bado anagonga kibodi chumba cha pili, na kidole cha kijana kiko juu ya kitufe. Nakumbuka nilimshika mkono kabla sijapata neno la kumwambia. Diski ya zamani haikupaswa kuwa na shughuli yoyote, tumeshahama. Labda swapu (nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu ya RAM), nikawaza, lakini swapu yetu ilikuwa faili ndani ya mfumo wenyewe. Nikavuta kibodi upande wangu nikaandika findmnt /, amri inayoonyesha mfumo umekaa wapi. Mstari mmoja tu: /dev/sda1.

Hatukuwa tumehama. BIOS, inayochagua diski ya kuanzia, haikuwa imeambiwa chochote, ikaendelea kuanzia diski ya kwanza. GRUB ya humo, programu inayouwasha mfumo, ikasoma grub.cfg ya zamani, na hiyo ikaelekeza kwenye UUID ya zamani. Safu ilikuwa hai kweli, imeunganishwa na mdadm baada ya mfumo kuwaka, lakini pembeni, hakuna aliyekuwa akikaa ndani yake. mdstat ilituambia nyumba imesimama. Haikutuambia kwamba tumelala kwingine. Na ankara 43 za asubuhi ile zilikuwa kwenye sda1 peke yake, patisheni ileile tuliyotaka kuifuta kwa mkono wetu. Keneli ndiyo iliyokataa kuitoa patisheni iliyo kazini.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tulimwomba mhasibu asimame, tukazima hifadhidata, tukarudia rsync pamoja na --delete. Safari hii tuliziacha nje /etc/fstab na faili zote za /boot, kwa sababu nakala ya pili ingezifunika zile mpya na kuturudisha palepale. BIOS ikaambiwa ianzie diski ya pili. Seva ilipowaka, kabla ya jambo lolote, findmnt /, na jibu /dev/md0. Mhasibu akahesabu ankara zake kwenye skrini, moja moja kwa kidole: 43. Tukanakili mauzo kwenye diski ya nje, maana safu si akiba. Anayefuta faili hulifuta kwenye diski zote mbili kwa mpigo. Hapo ndipo --add ikakubali. Ilichukua karibu saa mbili, na baada yake grub-install /dev/sda, ili diski yoyote itakayobaki peke yake iweze kuiwasha seva. Jioni tukazima, tukachomoa waya wa diski moja, tukawasha, ikawaka.

Bado najiuliza kama tulipaswa kuiacha ile diski ya zamani rafuni wiki nzima. Mwenye ofisi alitaka kazi iishe siku ileile, na alikuwa na haki yake.

Asubuhi baada ya ukaguzi wa juzi nilifungua /sys/block/md0/md/mismatch_cnt, hesabu ya sekta zisizolingana. Miezi yote nimezoea kuona 0. Safari hii ilikuwa 128, kila sekta baiti 512, yaani huenda ni kipande kimoja cha KB 64 ambacho diski hizi mbili hazikubaliani juu yake. Kwenye RAID 1 swapu huweza kuleta hali hiyo bila madhara yoyote, na swapu yetu bado iko mlemle ndani ya md0. Huweza pia kuwa faili. Nikiiamuru safu ijirekebishe, md, sehemu ya keneli inayoiendesha, itachukua nakala moja na kuifunika nyingine, bila kujua ipi ndiyo sahihi. Sijaiamuru. Nimetoa zile nakala za diski ya nje na nimeanza kulinganisha mauzo, nikianzia na mwaka 2018.