Simu ya Kukaa Nayo

Mwaka 2023 ulipokuwa ukielekea ukingoni nililazimika kutafuta simu nyingine, ingawa ile niliyokuwa nayo ilikuwa bado inapiga picha nzuri, inashika mtandao vizuri na haina ufa hata mmoja. Mtengenezaji wake alikuwa amesitisha masasisho ya usalama, kwa hiyo kila udhaifu mpya uliogunduliwa katika Android ulibaki kwenye simu yangu bila kuzibwa. Kisha betri ikaanza kuvimba, taratibu, mpaka kioo cha nyuma kikaachana na fremu upande mmoja kiasi cha ukucha kupita.

Nilimpelekea mdogo wangu, ambaye ni fundi simu. Alikipasha kioo kile joto, akapenyeza kipande chembamba cha plastiki kwenye mwanya na kuzunguka nacho polepole pembeni mwa simu. Pembe tatu ziliachia. Ya nne ikakatika. Chini yake betri ilikuwa imegandishwa kwa gundi kwenye fremu, na hapo akasimamisha kazi, kwa sababu betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto ikikunjwa au ikitobolewa.

“Kaka, betri nyingine nitakuwekea ukitaka,” aliniambia, “lakini utakuwa umeinunulia betri simu ambayo hakuna tena anayeitunza.”

Nilimwuliza kama haiwezekani kuiwekea LineageOS, mfumo endeshi unaojengwa na watu wa kujitolea kutokana na msimbo huria wa Android. Akajibu kwamba kampuni iliyoitengeneza haikuruhusu butiloda yake ifunguliwe kufuli. Butiloda ni programu inayotangulia kuamka simu inapowashwa, na ndiyo inayoamua mfumo upi uruhusiwe kuanza. Ikiwa imefungwa, simu hukataa kila mfumo usiokuwa na saini inayoiamini, na yangu iliiamini ya kampuni yake tu. Niliudhika sana. Kifaa nilichokuwa nimekilipia chote kilikuwa na nguvu ya kufanya kazi miaka mingine kadhaa, na aliyekizuia ni mtu ambaye hakuwa tena na nia ya kukihudumia.

Ndiyo maana sikuitafuta simu iliyofuata kwa kuanza na kamera wala ukubwa wa hifadhi. Nilitaka kujua kwanza nani angekuwa na kauli ya mwisho juu yake baada ya miaka mitano, na swali hilo likanifikisha kwenye chipu. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kilicho chini ya Android, imetolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, na yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha, lakini modemu, kamera na kichakataji cha michoro hutegemea programu nyingine ambazo sehemu kubwa ya msimbo wake imefichwa, na anayezitunza ni mtengenezaji wa chipu. Siku anapoziacha, hata kampuni ya simu yenye nia njema hubaki ikihangaika. Fairphone, kampuni ya Amsterdam iliyoanzishwa mwaka 2013, iliyapitia hayo na Fairphone 2: simu hiyo ilitoka mwaka 2015 ikiwa na Android 5, nayo kampuni ikaendelea kuihudumia hadi Machi 2023, ikaifikisha Android 10, ingawa mtengenezaji wa chipu alikuwa ameshaachana nayo zamani. Kwangu mimi rekodi hiyo ilikuwa na uzito kuliko tangazo lolote, kwa sababu ni ahadi iliyokwisha kutimizwa.

Fairphone 5 ilikuwa imetangazwa Agosti 2023. Kampuni ilikuwa imeitilia chipu ya Qualcomm inayoitwa QCM6490, iliyokusudiwa mitambo ya viwandani na ambayo kwa sababu hiyo hutunzwa kwa muda mrefu kuliko chipu za simu za kawaida. Iliahidi masasisho hadi mwaka 2031, dhamana ya miaka mitano, na kuuza vipuri moja kwa moja kwa mwenye simu. Butiloda yake inafunguliwa kwa msimbo ambao kampuni yenyewe humpa mwenye simu.

Sikuichukua bila kuangalia nyingine. Librem 5 na PinePhone zilinivutia kwa kuwa zinaendesha Linux bila Android kabisa na betri zake hutolewa kwa mkono, lakini nilihitaji simu ya kunipeleka kutwa nzima bila kuishiwa chaji, nazo hazikuwa zimefika hapo. Pixel 8 ya Google, iliyotangazwa Oktoba, iliahidiwa masasisho ya miaka saba na inakubali GrapheneOS, mfumo huria unaotokana na Android na kutilia mkazo usalama. Kwa usalama wa programu peke yake ningeichukua hiyo, na mpaka leo humwelekeza huko mtu ambaye usalama ndio haja yake ya kwanza. Betri yake, hata hivyo, imeshikwa kwa gundi, na mimi nilikuwa nimetoka kuona gundi inafanya nini.

Nikaagiza Fairphone 5. Ilipofika, mdogo wangu aliomba aifungue kabla hatujaiwasha. Alitia ukucha kwenye kona, mfuniko wa nyuma ukainuka; betri ya mAh 4200 akaitoa kwa vidole, na kwa bisibisi moja ndogo ya nyota akalegeza skrubu, akaitenga skrini, akachomoa tundu la chaji na kulishika mkononi akiligeuzageuza. Hakukuwa na joto wala gundi ya kubandua. Aliirudisha yote mahali pake, akaniambia kuwa tundu la chaji ndicho kitu anacholetewa mara nyingi zaidi kazini, na kwamba kwa simu nyingi ni lazima ashike chuma cha kulehemu.

Kuweka mfumo kulichukua jioni nzima. Nilichagua /e/OS, mfumo uliojengwa juu ya LineageOS chini ya uongozi wa Gaël Duval, yule aliyeanzisha Mandrake Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, mwaka 1998. Mahali pa huduma za Google huweka microG, ambayo ni programu huria. Kufungua butiloda kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo ni vema kufanya hivyo kabla ya kuingiza picha hata moja. Hatari iko kwenye kuifunga tena. Kuna amri ya kuiuliza simu kama itakubali kufunguliwa siku nyingine. Ikijibu 1 unaweza kufunga, ikijibu 0 usiguse, maana ikikataa kuwaka hutakuwa na mlango wa kurudia. Yangu ilijibu 1, nikaifunga. Programu nyingi nilizipata F-Droid, duka la programu huria za Android. Programu moja ya benki iligoma kwa kuwa haikuutambua mfumo, nami huingia benki hiyo kwa kivinjari. Sipendi, lakini nimelikubali. Ukosefu wa tundu la spika za masikioni sijaukubali, na naona kampuni inayohubiri udumu wa vitu haikupaswa kuliondoa.

Tangu tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai simu mpya zinazouzwa humo zipewe masasisho kwa miaka mitano angalau baada ya kampuni kuacha kuziuza, na vipuri kwa miaka saba. Kanuni hiyo ingekuwapo mapema, ile simu yangu ya awali ingekuwa na maisha mengine.

Mdogo wangu alinishauri niagize tundu la chaji la akiba, nami nikaliagiza. Betri ya akiba tuliiacha kwa makusudi, kwa kuwa lithiamu huzeeka hata ikikaa kabatini bila kutumika. Hiyo itanunuliwa ikiwa mpya, siku itakapohitajika.