Nati za rimu ya chuma si nati za rimu ya aloi

Nanunua iliki na pilipili manga kwa wakulima wa Amani na kuziteremsha Tanga mjini. Barabara ya kutoka Muheza kwenda juu ni vumbi na mawe, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu, na ukishapita geti la Sigi unapanda kona baada ya kona, msitu huku, bonde kule. Kwa hiyo natumia Prado 120. Ilikuja na rimu za chuma. Mwaka jana nikapata rimu nne za aloi zilizotumika, za Toyota hasa, kwa mtu wa Chumbageni. Zina matundu sita kama zangu na zilikaa kwenye habu, kitovu cha gurudumu, bila shida. Kijana aliyenifungia alichukua nati zilezile za rimu za chuma, akazirudishia kwa mashine ya upepo. Nikalipa, nikaondoka.

Safari ya pili, nateremka na mzigo, nikasikia mbele kushoto: ko, ko, ko, kila nikipunguza mwendo. Usukani ukaanza kucheza. Nilidhani ni shokapu. Niliposhuka kutazama, nati moja haikuwepo na mbili zilizunguka kwa vidole. Pembezoni mwa matundu palikuwa na unga mweusi unaong'aa, aloi yenyewe imesagika. Upande ule ndio wa bonde. Nilisimama pale muda mrefu kabla ya kutoa jeki.

Nikafunga gurudumu la akiba, ambalo ni la chuma, kwa nati tano zilizobaki. Yale mengine matatu nilikuwa nikisimama kuyakaza kila baada ya kilomita chache, na kila mara spana ilikuta pa kugeuza. Lile la chuma halikulegea hata kidogo mpaka naingia Tanga. Jambo hilo ndilo lililonipeleka kwa fundi mmoja wa siku nyingi kule Ngamiani.

"Mwanangu," akaniambia, "usitazame nati. Tazama inapokaa."

Akaweka rimu mbili chini, ya chuma na ya aloi. Tundu la rimu ya chuma limepanuka mdomoni kama faneli, na nati yake ina ncha iliyochongoka inayozama humo na kujiweka katikati. Tundu la ile aloi yangu lilikuwa limenyooka kama bomba, na juu yake pana duara bapa. Nati yake ina shingo inayoingia ndani ya tundu, halafu washa bapa, yaani pete ya chuma, inayolala juu ya lile duara. Ukiweka nati ya ncha hapo, inagusa ukingo wa tundu tu, ukingo mwembamba kama uzi. Unaikaza, unahisi imeshika, lakini kila shimo la barabara linautafuna ukingo, na nafasi inapatikana. Hata ingekazwa na watu watatu, ingelegea. Ila si aloi zote ziko hivyo. Nyingi za kununua dukani zina matundu ya ncha. Lazima uchungulie tundu la rimu uliyonayo.

Rimu iliyoliwa alikataa kabisa kuifunga, na stadi moja, ile bolti ya habu inayofungwa nati, ikabidi ibadilishwe. Zile tatu zilikuwa na alama ndogo mdomoni, kiti cha washa kizima. Nikarudisha za chuma kwa muda mpaka nilipopata aloi ya nne.

Kununua nati kulinichosha kuliko nilivyotarajia. Duka la kwanza walinipa nati zenye shingo na washa, nzuri, kipenyo milimita 12. Nikajaribu moja kwa mkono: ikaingia mizunguko miwili, ikagoma. Zilikuwa za Nissan. Stadi za Prado ni milimita 12 na kutoka jino hadi jino ni 1.5, za Nissan ni 12 vilevile, lakini jino hadi jino ni 1.25. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mashine ya upepo ingeilazimisha iingie, na stadi ingeharibika palepale. Tangu siku hiyo nati haiguswi na mashine kwenye gari langu kabla sijaizungusha mwenyewe kwa vidole. Nahesabu pia mizunguko: nataka nane, maana nane mara 1.5 ni milimita 12, sawa na unene wa stadi. Duka la pili walinionyesha zilizozibwa juu, zinang'aa. Hizo nilipima kina, kwa sababu kina kikiwa kifupi nati inagota kwenye mwisho wa stadi kabla haijaibana rimu. Zilikuwa fupi. Nilizipata ishirini na nne zinazofaa duka la tatu.

Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula chuma, na mafundi wengi wanapaka grisi kwenye stadi ili nati zisigande. Mimi nilikuwa nikiwaomba wafanye hivyo. Mzee alinikataza: stadi yenye grisi inateleza, spana inakudanganya, unakaza kupita kiasi hadi stadi inavutika. Zisuguliwe kwa brashi ya waya, zikauke, basi. Akakaza kwa msalaba, moja kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo gurudumu likiwa hewani, halafu akashusha jeki na kumalizia kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza, nyutoni-mita 112 kama ilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nilirudi baada ya safari moja ya Amani, akapima tena. Hakuna iliyosogea.

Nati sita za ncha nimezifunga kwenye kitambaa, ziko ndani ya mfuko wa jeki, maana gurudumu la akiba bado ni la chuma. Mwezi uliopita nilipata pancha karibu na Pongwe, usiku. Kijana aliyesimama kunisaidia alishaokota nati nilizofungua, anataka kuzirudishia.

"Hizo weka pembeni, kaka," nikamwambia, nikamfungulia kitambaa.