Hakukwambia?

Leo siku ya nne na bado namsikia yule mzee akiniuliza, "Hakukwambia?" Wala hakuniuliza kwa ukali. Aliuliza huku akipiga miayo, kama mtu anayeuliza mlango umefungwa au bado. Nadhani ndiyo maana limenikaa.

Mnajua nilivyohangaika kuitafuta mashua ya Baba, tuliyoiuza zamani, tangu Januari. Jina halikunifikisha popote, kwa sababu kila mnunuzi aliibatiza upya: Subira ikawa Tujaribu, kisha ikawa jina ambalo hakuna aliyelikumbuka. Kilichoniokoa ni namba ya usajili. Ilikuwa imechongwa kwa patasi kwenye boriti, na wanunuzi wote watatu hawakujisumbua kuifuta. Namba hiyo ndiyo iliyonileta kwa fundi aliyeikalafati, yaani aliyeiziba nyufa, mara ya mwisho. Nikampigia Jumatatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Aa. Ile tuliivunja 2003, mwanangu. Ilikaa nchi kavu muda mrefu, mbao zikasinyaa zikaachana, misumari imekwisha kwa kutu, na huku chini mdudu keshaila. Baba yako alikuja na msumeno wake akakata kipande. Hakukwambia?"

Nikajibu, "Aliniambia."

Sijui kwa nini. Uongo ulinitoka kabla sijaufikiria.

"Sasa kama alikwambia," akasema, "unaitafuta ya nini?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.

Baba alifariki 2016. Miaka yote hiyo 13, nikimuuliza mashua iko wapi, jibu lilikuwa moja: "Iko kazini." Kabla hatujaiuza, nikiwa nimekaa pembeni ya ngama, pale chini mashuani maji yanapokusanyika, na dumu langu lililokatwa nachota maji, na yeye akishindilia pamba kwenye nyufa kwa nyundo ya mbao, hakuwahi kunificha kitu: hapa panavuja, hapa pameoza. (Huyo mdudu, nimesoma juzi, kumbe si mdudu hata kidogo. Ni jamaa ya chaza, ila amerefuka kama mnyoo. Baba angekataa katakata.) Sasa leo niambiwe na mtu baki, kwa miayo.

Basi wiki nzima nimekuwa namjibu yule mzee upya. Bafuni namwambia, "La, hakuniambia, hebu nieleze." Kwenye foleni namwambia naitafuta kwa sababu ni yetu, halafu nakumbuka tuliiuza sisi wenyewe, nafuta. Dada amejifungua pacha Jumanne, ofisini wamepunguzwa watu sita na mimi nimebaki, na katikati ya yote hayo mimi natafuta jibu la "ya nini".

Jana nikaona nimuulize Mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Nilidhani atainuka aende chumbani, atoe kipande cha ubao kilichofungwa kwenye kanga.

"Kile kipande?" akasema. "Tulikichoma."

"Mlikichoma?"

"Kilikuwa kinanuka mafuta ya sifa nyumba nzima! Nikamwambia akitoe nje. Ikaja mvua, kuni zote zimelowa, wewe una mtihani asubuhi na maji ya kuoga hakuna. Kiliwaka hicho! Mafuta ya papa ya miaka mingapi yale."

"Na Baba?"

"Ndiye aliyekuwa anapuliza moto."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa ananiambia iko kazini. Mama akanitazama kama ninavyowatazama wateja wanaouliza bei iliyobandikwa mbele yao. "Wewe ulikuwa unamuuliza kila siku. Akujibu nini, umeiogea?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Mama naye akaanza, tukawa hatuwezi kutazamana. Kila nikimpata Baba kichwani ameinama, macho yamejaa moshi, anapulizia boriti la mashua yake ili mimi nisiende shule mchafu, naanza upya. Na mtihani wenyewe sikufaulu vizuri.

Nimepanga kumpigia yule mzee Jumapili nimwambie ukweli, kwamba sikuwa nimeambiwa. Kama atapokea.

Pampu ya maji kwa Mama inatoa mlio kama wa kukwaruza tangu juzi. Fundi wa pampu aliahidi kuja Jumatano, hajaja, na simu yake sasa inaita tu.