Namba Zilizokuwa Zikipanda

Mwaka 2009 nilikuwa fundi mchanga wa mitandao mjini Moshi. Ofisi moja ya kuweka na kukopa, jirani na soko la Mbuyuni, ilituita mwisho wa mwezi. Mfumo ulikuwa unatambaa. Mhasibu akifungua taarifa ya mwanachama, foleni nzima inaanza kunung'unika. Wote walilaumu intaneti, na seva yenyewe, kompyuta inayotunza taarifa, ilikuwa chumba cha pili! Ukiipigia ping, yaani kuitumia ujumbe mdogo wa kujaribu njia, kila pakiti inarudi, chini ya milisekunde moja.

Mzee aliyenifundisha kazi aliingia kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi. Mlango wa seva, pale kebo yake inapochomekwa, ulikuwa na makosa ya CRC elfu kadhaa, yaani data iliyofika imeharibika, nami nikanyoosha mkono kuchukua kebo mpya.

"Subiri, mdogo wangu. Hiyo ni kama mita ya maji. Soma sasa, usome tena baadaye, ndipo utoe ya kwanza kwenye ya pili."

Tukasoma, tukakaa, tukasoma tena. Milango mingine nayo ilikuwa na makosa, ila ya zamani, yamelala tangu swichi ilipowashwa. Wa seva peke yake ulikuwa unapanda, tena ulipanda kwa kasi makarani walipokuwa na kazi nyingi. Walipoenda kula, ukatulia. Ndipo akahamia upande wa seva, na kule hapakuwa na CRC hata moja. Kulikuwa na migongano iliyochelewa, yaani data za pande mbili kugongana wakati moja imeshatumwa kiasi.

Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Kwenye dupleksi kamili pande zote mbili hutuma kwa wakati mmoja, kwa hiyo mgongano haupo kabisa. Ukiuona, upande huo uko nusu dupleksi, ambako hutuma mmoja kwa zamu. Kumbe mtu aliifunga swichi kwa mkono kwenye 100 kamili, yaani megabiti 100 kwa sekunde na dupleksi kamili, na kadi ya seva ikaachwa ijipangie. Kadi isipojibiwa hutambua mwendo tu. Dupleksi haiijui, hivyo kwa kanuni huchukua nusu. Swichi inatuma itakapo, seva inaona mgongano na kukatiza fremu yake, kifurushi cha data, katikati, swichi inapokea kipande na kuandika CRC. Ping ni ndogo na inapita peke yake, ndiyo maana haikutuonyesha kitu.

Tukarudisha swichi ijipangie nayo. Taarifa zikaanza kufunguka papo hapo.

"Mbona makosa bado yapo?" mhasibu akauliza, akichungulia skrini.

"Yapo, Mama, ila yamesimama," mzee akamjibu, akaiandika namba ile kwenye daftari la ofisi, na tarehe na saa pembeni.