Jinsi nilivyojiandaa na km 42 huku damu iko chini na kazi imebana

Jamani mnaojiandaa na Kilimanjaro Marathon ya Moshi halafu mwili unagoma, mimi baada ya malaria damu ilishuka, nikipanda tu mlima wa Capri Point hapa Mwanza moyo unadunda mpaka nausikia masikioni na miguu inakuwa mizito balaa. Daktari akanipa vidonge vya madini ya chuma, akanizuia kukimbia mpaka vipimo vikae sawa, na akasema chai nisinywe pamoja na chakula maana inazuia chuma kuingia mwilini, hilo aisee watu wengi hatulijui kabisa. Basi nikawa nakula mchicha na dagaa nakamulia ndimu, chai naisogeza mbele.

Muda sasa. Nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, alfajiri ndo biashara yenyewe, siwezi kutoka. Kwa hiyo mazoezi nikayahamishia jioni, nikishafunga hesabu nasahau daladala, narudi Nyegezi kwa miguu, mwanzoni natembea tu, vipimo vilipokaa sawa ndo nakimbia kidogo, natembea tena, pumzi ikikata sishindani nayo. Jumapili ndo safari ndefu, barabara ya Usagara. Saivi damu imepanda na km 30 namaliza bila kusimama.